Mji Uliokulia Getini

Julai 1938, Wakamba karibu elfu mbili, wengine husema zaidi, waliondoka Machakos kwa miguu wakaelekea Nairobi. Walikuwemo wazee, akina mama waliobeba watoto mgongoni, na vijana. Walipofika walipiga kambi Kariokor, wakakataa kuondoka. Walichotaka ni kimoja: kuonana na Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, wamuulize kwa nini serikali yake inawanyang'anya ng'ombe. Walikaa hapo wiki baada ya wiki, wakipikiana na kuimba, mbele ya macho ya mji mzima.

Ukitaka kujua mji wa Athi River ulianzaje kuwa mji wa viwanda, kambi ile ya Kariokor ndiyo pa kuanzia.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na maelezo yake. Ardhi ya Machakos imechakaa, ilisema. Udongo unachukuliwa na maji, makorongo yanazidi kupanuka, na chanzo ni Mkamba kupenda mifugo mingi kuliko nyasi alizonazo. Makorongo yalikuwepo kweli. Kilichoachwa katika maelezo hayo ni kwamba vilima vya Mua vilikuwa vimegawiwa walowezi, na kwamba malisho ya Yatta, ambako wafugaji walizoea kuhamia wakati wa kiangazi, yalikuwa yamewekewa mipaka na masharti. Ukiwabana watu na ng'ombe wao katika nusu ya nchi yao, nyasi zitaisha tu. Dawa iliyochaguliwa ikawa kupunguza mifugo kwa lazima: kila mwenye boma apangiwe idadi, na wanaozidi wapelekwe mnadani.

Mnada huhitaji mnunuzi, na mnunuzi alikuwa tayari. Kampuni ya Liebig, ile iliyojitajirisha kwa supu ya nyama iliyokolezwa na nyama ya kopo katika mji wa Fray Bentos nchini Uruguay, ilikuwa imekubaliana na serikali ijenge kiwanda penye kituo cha reli cha Athi River, kilomita kama 25 kutoka Nairobi. Mahali penyewe palichaguliwa kwa akili. Reli ilikuwa hapo tangu mwaka 1899. Maji ya mto yalikuwepo. Mashariki kulikuwa na ng'ombe wa Wakamba, kusini na magharibi ng'ombe wa Wamaasai, na katikati ya hao wote mashamba ya walowezi. Kituo chenyewe kilikuwa kidogo tu katikati ya mbuga, na treni zilikuwa zikikipita tangu zamani bila sababu kubwa ya kukaa.

Biashara ya nyama ya kopo haifanani na ya bucha. Mwenye bucha hutafuta ng'ombe aliyenona, na yuko radhi kumlipia. Kiwanda cha kopo kinataka ng'ombe wengi, kila siku, kwa bei ya chini, na hakijali kama mbavu zinaonekana, kwa sababu nyama yote itachemshwa, itachambuliwa na kushindiliwa. Mfugaji anayeuza kwa hiari yake hampi mtu ng'ombe kwa bei kama hiyo. Ndiyo maana tangu siku ya kwanza hesabu za kiwanda zilitegemea amri ya serikali. Bila kulazimishwa mtu kuuza, mitambo ingekaa bila kazi.

Aliyesimama mbele ya Wakamba alikuwa Muindi Mbingu, kiongozi wa chama cha Ukamba Members Association. Serikali ilikuwa na sababu kubwa zaidi ya kumwogopa kuliko ilivyokiri hadharani: Wakamba walikuwa sehemu kubwa ya askari wa KAR, jeshi la kikoloni, na polisi, na huko Ulaya vita vilikuwa vikinukia. Gavana hakwenda Kariokor. Aliitisha baraza huko huko Machakos, akahutubia, na Mbingu akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Lakini kabla mwaka haujaisha, amri ya kuuza mifugo kwa nguvu ilikuwa imekufa. Leo barabara moja ya katikati ya Nairobi ina jina la Mbingu, na kwa bahati ambayo hakuna mpangaji wa mji angeibuni, kwenye barabara hiyo hiyo limesimama Soko la City, lenye mabucha yake maarufu.

Kiwanda hakikufa pamoja na amri. Vita vikaja, jeshi likahitaji nyama, na baada ya vita serikali ikaamua kuishika biashara yenyewe. Mwaka 1950 ikaundwa Tume ya Nyama ya Kenya, ambayo hakuna anayeiita hivyo. Kila mtu anasema KMC. Ikachukua mitambo ya Athi River, ikapewa haki kubwa juu ya uchinjaji wa kupeleka mijini na nje, na kituo kile kidogo kikaanza kupata sura ya mji: nyumba za wafanyakazi, duka, zahanati, mbiu ya kubadilishana zamu. Kufikia 1958 jirani mwingine akawasha tanuri. Kampuni ya saruji ya East African Portland, iliyoanza Nairobi mwaka 1933 kwa kusaga malighafi iliyoletwa kwa meli, ilihamia Athi River kufuata mawe ya chokaa ya upande wa Kajiado. Nayo ikajenga nyumba za wafanyakazi na kumiliki maelfu ya ekari za mbuga kuizunguka. Ekari hizo tutazirudia, maana zilikuja kuleta msiba.

KMC iliishi vizuri muda mrefu kuliko wakosoaji wake wanavyokumbuka, kisha ikazama taratibu. Serikali ilipanga bei ya nyama ili watu wa mjini wasilalamike, na wakati huo huo iliitaka KMC inunue ng'ombe wa wafugaji hata mwaka wa ukame, kila mtu anapouza kwa pamoja. Wachinjaji binafsi, wa Dagoretti na kwingineko, hawakuwa na mzigo huo; walinunua walipotaka na kulipa taslimu. Mfugaji aliyemsafirisha ng'ombe kwa siku kadhaa hadi Athi River aliambiwa asubiri hundi. Mapema miaka ya 1990 mageti yakafungwa. Mji uliokuwa umezoea harufu ya KMC, na kuilalamikia, ukagundua kwamba harufu ile ilikuwa mishahara.

Karibu wakati huo huo, upande wa pili wa mji, wapimaji walikuwa wakipigilia vigingi vya mradi mwingine kabisa. Wazo lake lilitoka mbali, na inafaa kulifuata hadi nyumbani kwake.

Nyumbani kwake ni Shannon, magharibi mwa Ireland, katika kaunti ya Clare. Miaka ya 1940 ndege zilizovuka bahari ya Atlantiki hazikuwa na uwezo wa kufika Paris au London kutoka New York bila kuongeza mafuta, na uwanja wa kwanza kuufikia upande wa Ulaya ulikuwa Shannon, uliojengwa kwenye tambarare ya kinamasi ya Rineanna. Abiria waliteremka, wakanywa kahawa, wakanyoosha miguu. Msimamizi wa huduma za chakula, Brendan O'Regan, aliona watu wenye fedha mifukoni wakizunguka bila cha kununua, na mwaka 1947 akafungua duka lisilotoza ushuru, la kwanza la aina yake katika uwanja wa ndege duniani. Maduka yote tunayopita leo katika viwanja vya ndege vya Nairobi au Dar es Salaam, yenye manukato na chokoleti, ni wajukuu wa duka lile.

Mwaka 1958 ndege ya Boeing 707 ikaanza kuvuka Atlantiki bila kuhitaji kutua Shannon. Shannon ilikuwa inakaribia kubaki bila abiria, na sehemu ile ya Ireland haikuwa na riziki nyingine zaidi ya mashamba madogo na meli ya kuhamia ng'ambo. O'Regan na wenzake hawakuomba ruzuku ya kuulinda uwanja. Walisema: kama abiria hawashuki tena, tulete mizigo itakayopanda. Mwaka 1959 ikaundwa kampuni ya serikali ya kuendeleza Shannon, pembeni mwa njia za ndege ikatengwa ardhi iliyozungushiwa ua, na sheria ikasema kwamba atakayeingiza malighafi humo, akaitengeneza na kuisafirisha nje, hatalipa ushuru wala kodi ya faida ya mauzo hayo kwa miaka mingi. Mabanda yalijengwa kabla wapangaji hawajapatikana, jambo ambalo wakati ule lilionekana ni kucheza kamari kwa fedha za umma. Wapangaji walikuja. Sony ya Japani ilikuwa mmoja wa wa mwanzo, ikiunganisha redio ndogo za transista. De Beers ikaleta kazi ya almasi za viwandani. Wengine, Sony wakiwemo, walikaa miaka michache wakaondoka. Wengine wakazeeka pale pale.

Mara nyingi hadithi hii husimuliwa na kuishia hapo, kwenye msamaha wa kodi. Waliokwenda kujifunza Shannon walirudi na sheria ya kodi kwenye mikoba yao, na jambo la pili likabaki nyuma, ingawa ndilo lililoifanya Shannon iwe mji. Wafanyakazi wa kwanza walikuwa wakisombwa kwa basi kutoka Limerick na Ennis. Mapema miaka ya 1960 kampuni ile ile iliyojenga mabanda ikaanza kujenga nyumba, kwanza juu ya kilima cha Drumgeely, kisha shule, maduka, kanisa na viwanja vya michezo. Ukawa mji mpya kabisa, wa kwanza wa aina hiyo katika Ireland ya kisasa, na leo una wakazi wapatao 10,000. Mwaka 1968 kampuni ikapewa pia jukumu la kuendeleza viwanda katika eneo lote la jirani. Waajiri walipobadilika, mfanyakazi alibaki mahali alipo, kwa sababu nyumba yake haikuwa ya mwajiri wala haikuwa chumba cha kupanga kwa mwezi. Watu wenye ujuzi walikusanyika na kukaa, na kutoka miongoni mwao zikazaliwa biashara ambazo hakuna mpango wa mwaka 1959 ulioziota. Biashara ya kukodisha ndege kwa mashirika ya dunia, ambayo Ireland inaongoza mpaka leo, ilianzia Shannon mwaka 1975 na kampuni ya Guinness Peat Aviation ya Tony Ryan.

Miaka ya 1970 shirika la UNIDO la Umoja wa Mataifa liliichukua Shannon kama shule. Maafisa kutoka Asia, Afrika na Amerika ya Kusini walipelekwa huko kusomea namna ya kuendesha maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje. Mwaka 1980 alipita afisa mmoja wa China aliyeitwa Jiang Zemin, ambaye baadaye alikuwa rais. Mwaka huo huo Shenzhen ikatangazwa eneo maalumu la uchumi. Mauritius ilikuwa imeanza na sheria yake tangu 1970. Kenya, ambayo katika miaka ya 1980 ilishinikizwa na wakopeshaji iache kulinda viwanda vya ndani na ianze kuuza nje, ilipitisha sheria ya EPZ, yaani ya maeneo kama hayo, mwaka 1990. Tanzania ilifuata mwaka 2002, na eneo lake la Benjamin William Mkapa likajengwa Mabibo, Dar es Salaam.

Kwa eneo kubwa la umma, Kenya ilichagua Athi River. Reli ilikuwepo, barabara ya Mombasa ilikuwepo, uwanja wa ndege wa Nairobi hauko mbali. Zikatengwa hekta 339 za mbuga nyeusi ile ya udongo wa pamba, ambayo ikinyesha inavuta kiatu na ikikauka inapasuka. Benki ya Dunia ikakopesha. Barabara za lami zikachorwa ndani ya ua, nguzo za umeme zikasimamishwa, bomba likavuta maji ya Nairobi, na mtambo wa majitaka ukachimbwa. Mwekezaji aliahidiwa miaka 10 bila kodi ya mapato ya kampuni, kisha asilimia 25 kwa miaka 10 inayofuata, bila ushuru wa forodha wala VAT kwenye mashine na malighafi.

Maji yale, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndiyo zawadi ambayo EPZ iliupa mji pasipo kukusudia. Athi River ni mji wa mtaro uliopasuka na punda wa kubeba mitungi. Bomba na mtambo vilivyojengwa kwa ajili ya wawekezaji vilikuja kuhudumia pia mitaa iliyo nje ya ua. Hakuna brosha ya wawekezaji iliyowahi kujivunia hilo.

Ua ulikaa miaka kadhaa ukiwa na upepo mwingi kuliko viwanda. Sehemu ya sababu ilikuwa foronya. Mwaka 1994 Marekani, ikishuku kwamba nguo za Asia zinapitishiwa Kenya ili kukwepa vizuizi vyake, iliweka kikomo kwa mashati na foronya kutoka Kenya. Viwanda vilivyokuwa vimeanza kushonea soko hilo vilifunga kimoja baada ya kingine. Wakati huo huo mitumba ilikuwa imefurika sokoni, na viwanda vikubwa vya nguo vilivyojengwa enzi za uhuru, kama Kicomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret, vilikuwa vinaelekea kaburini pamoja na wakulima wa pamba waliovitegemea.

Kilichoujaza ua ni sheria iliyopitishwa mbali. Mei 2000 Rais Bill Clinton alitia saini AGOA, na mapema 2001 Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kuruhusiwa kuingiza nguo Marekani bila ushuru. Kufikia hapo EPZ zote za Kenya zilikuwa zimeajiri watu zaidi kidogo ya 6,000. Miaka mitatu baadaye walikuwa zaidi ya 35,000, wengi wao wanawake wa viwanda vya nguo, na sehemu kubwa yao walikuwa wakiingia kwa geti la Athi River.

Ndani ya godauni mambo yako hivi. Cherehani zimepangwa mistari mirefu, na kila mstari unashona nguo moja, tuseme suruali ya jinzi. Hakuna anayeshona suruali. Mmoja anashona mfuko wa nyuma, mwenzake anaupachika, wa tatu ana ovaloki ya kufunga upande wa ndani, wa nne anatia zipu, na fungu linasogezwa mkono kwa mkono hadi mwisho wa mstari, ambako mkaguzi analikunjua na kulikagua. Juu ya mstari kuna ubao wa tageti: vipande vya saa hii, vipande vya saa iliyopita. Anayechelewa anauchelewesha mstari mzima, kwa hiyo supavaiza hahitaji kumkaripia; jirani yake atamkaripia. Vumbi la nyuzi za pamba linaelea hewani na kukaa kwenye nyusi. Mtu anaweza kufanya kazi miaka mitano akawa bingwa wa mfuko wa nyuma, akaondoka bila kuweza kumshonea mtoto wake sare ya shule.

Na kitambaa? Kilitoka Asia kwenye makontena, pamoja na uzi, vifungo na hata lebo. AGOA iliruhusu nchi maskini za Afrika kutumia kitambaa cha popote, na viwanda vikaitumia ruhusa hiyo kikamilifu. Ndiyo maana ukuaji wa Athi River haukumfufua mkulima wa pamba hata mmoja wa Nyanza au wa Mwea. Kontena lilitoka bandari ya Mombasa limefungwa, likafunguliwa ndani ya ua, likarudi Mombasa limefungwa tena. Kenya iliongeza kitu kimoja tu, mikono, na kilichobaki nchini ni mshahara wa mikono hiyo.

Mshahara wenyewe ulikuwa mdogo. Desemba 2002 chama cha KANU kilishindwa baada ya karibu miaka 40, na Kenya nzima ilikuwa na hisia kwamba sasa inaruhusiwa kusema. Wafanyakazi wa EPZ walikuwa miongoni mwa wa kwanza kusema. Januari 2003 migomo ilizuka katika viwanda vya nguo, Athi River ikiwemo: malalamiko yalikuwa mishahara, saa za ziada za lazima, kufungiwa milango usiku, na vibarua wa miezi mitatu wanaofutwa na kuandikwa upya ili wasihesabiwe kuwa wa kudumu. Polisi walifika na mabomu ya machozi. Wengi walipoteza kazi. Vyama vya wafanyakazi, ambavyo kabla ya hapo vilikuwa vikizuiwa getini, vikaanza kupata mlango. Kisha Januari mosi 2005 mfumo wa dunia wa kugawana masoko ya nguo ukafikia mwisho, China ikawa huru zaidi kuuza, na baadhi ya viwanda vya Kenya vikahamisha mashine zao kama vilivyozileta. Vilivyobaki vilijikongoja, vikakua tena. Miaka ya 2020 EPZ za nchi nzima zilikuwa zimepita wafanyakazi 60,000. Muda wa AGOA ulipokwisha tarehe 30 Septemba 2025 bila Bunge la Marekani kuwa limeuongeza, Athi River ilikuwa tena mahali pa kusubiri habari kutoka Washington.

Nje ya geti ndiko mji ulikokua, na haukukua kama Shannon. KMC na Portland, pamoja na ubaya wote wa siku zao, ziliwajengea wafanyakazi wake nyumba. EPZ haikuja na nyumba za watu wake. Maelfu ya wasichana waliofika na begi moja kutoka Kitui, Kakamega na Kisii walijitafutia vyumba: Mlolongo, pale malori ya masafa marefu yalipokuwa yakipanga foleni kwenye mzani, Kitengela, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kajiado, na mitaa ya Athi River yenyewe. Wenye ploti walijenga haraka, mabati kwanza, kisha ghorofa za chumba kimoja kimoja. Wawili au watatu walichangia chumba, mmoja wa zamu ya mchana, mwingine wa usiku, na kitanda hakikupoa. Alfajiri barabara ilijaa watu wanaotembea kwa kasi, na nyuma yao waliokuja kujaribu bahati, maana kazi nyingi zilitafutwa kwa kusimama getini hadi supavaiza atoke na kuhesabu vichwa.

Waliofanikiwa kujikwamua walitaka kitu ambacho chumba cha kupanga hakitoi: ploti yao. Hapa ndipo zile ekari za Portland ziliporudi. Kwa miaka mingi ardhi ya kampuni ya saruji ilikuwa mbuga tupu, na vikundi mbalimbali vikaanza kuigawa na kuiuza kwa vipande, kwa risiti na vyeti vilivyoonekana vizuri machoni pa mnunuzi. Nyumba za mawe zikasimama, shule na makanisa vikafuata. Oktoba 2023 mahakama ilithibitisha kwamba ekari 4,298 ni mali ya kampuni, na tingatinga zikaingia. Waliobomolewa walikuwa watu waliojinyima miaka, wengi wao kwa mishahara ya miji ile ile ya viwanda, na picha za televisheni ziliwaonyesha wakikusanya vyombo pembeni ya kuta zilizolala. Mtu anaweza kuwalaumu kwa kununua bila kupekua hati. Ni sawa pia kuuliza ilikuwaje, katika eneo ambalo serikali ilipanga viwanda kwa umakini hadi kipenyo cha bomba, pasiwe na ekari hata mia chache zilizopangwa mapema kwa ajili ya watu watakaofanya kazi humo.

Swali hilo si la zamani. Tangu 2023 serikali ya Kenya imekuwa ikijenga kwa ushirikiano na kaunti bustani za viwanda nchi nzima, moja kwa kila kaunti, ekari kama 100 na shilingi milioni 500 kila moja, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kusudi lake safari hii linatajwa waziwazi: kukusanya mazao ya wakulima, kuyasindika huko huko na kuamsha miji midogo iliyolala. Angalau malighafi inategemewa itoke ndani. Hilo ni hatua mbele ya kontena la kitambaa. Magavana wanapenda kupigwa picha mbele ya godauni jipya, na godauni ni rahisi kujenga.

Athi River yenyewe bado inajaribiwa. KMC ilifunguliwa tena mwaka 2006, ikahangaika, na mwaka 2020 ikakabidhiwa Wizara ya Ulinzi, kwa hiyo jeshi likawa tena mteja wake kama enzi za vita. Si mbali na hapo, Kenanie, zimetengwa ekari 500 kwa ajili ya bustani ya viwanda vya ngozi, mradi uliotangazwa katikati ya miaka ya 2010 na kusogea kwa mwendo wa kinyonga. Kama mpango huo ungekamilika, ungempa mfugaji sababu nzuri zaidi ya kuja kuuza kwa hiari: nyama upande mmoja, ngozi upande wa pili, kiatu mwishoni. Kwa sasa ngozi nyingi za Kenya husafirishwa zikiwa zimetiwa dawa ya hatua ya kwanza tu, zikiwa na rangi yake ya samawati na unyevu wake, kwenda kumaliziwa Ulaya na Asia. Bei ya ngozi mbichi ilianguka vibaya katikati ya muongo uliopita, na katika machinjio mengi ngozi ya mbuzi ilifikia kutupwa kwa sababu nauli ya kuipeleka kwa mnunuzi ilizidi thamani yake.